Tangazo la Mzee Ambakisye

Redio zote nchini sasa ni za kampuni moja, na sauti ya asubuhi katika kila mji ni yangu. Niliiuzia kampuni hiyo sauti yangu, na mashine huisemesha itakavyo bila mimi. Mama na majirani huamini kwamba ninarekodi kwa simu chumbani kwangu, hapa Tukuyu.

Nilikuwa namenya ndizi jirani yetu Mama Gwakisa alipoingia jikoni, kanga kiunoni. Mumewe, Mzee Ambakisye, alikuwa amefariki alfajiri.

"Atu mwanangu, mtangaze baba yako. Ndugu zake wako Kyela, na kesho tunazika. Wakikusikia watakuja."

Nilitaka kumwambia kwamba mashine haipokei misiba, na kwamba studio ya redio yetu ya hapa mjini siku hizi ni ghala la mbolea. Lakini alikuwa ameshanishika mkono, na mama, anayejivunia sauti yangu redioni mbele ya kanisa zima, alikuwa akinitazama.

"Nitamtangaza, mama."

"Hebu nisikie utakavyosema," akasema Mama Gwakisa.

Nikaweka kisu chini, nikamtangaza marehemu Mzee Ambakisye palepale mbele ya jiko, kwa sauti ya kazini, nikiwataja ndugu wa Kyela mmoja mmoja.

Mama Gwakisa alilia. "Umemheshimu, mwanangu. Ngoja niwahi, wageni wasije wakakosa chakula."

Alipotoka, mama akawasha redio.

"Haya, nenda ukarekodi. Sisi tunasubiri."

Nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Ng'ambo ya ukuta nilijisikia redioni nikicheka, nikiwatakia watu wa Tukuyu siku njema.