Ua la Mwisho

Ijumaa hiyo mumewe alitoka chumbani amevaa ile kofia, na Mwanaidi akahisi moto mkali kifuani kuliko hata ule wa vidoleni. Aliishona kwa mkono wake miezi saba, ua baada ya ua, mpaka baridi yabisi ikamvimbisha viungo, akaificha sandukuni kukiwa kumebaki ua moja tu. Sasa maua yote yametimia.

"Mikono yako haina mfano, mke wangu," mume alisema. "Hasa hili ua." Akaligusa lile lililokuwa limebaki.

Pale uani, mke mwenzake, Mishi, alikuwa anapepeta mchele, kama asiyejua lolote. Kammalizia kofia kwa siri, na hata sifa kamwachia! Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Hebu ivue," Mwanaidi alimwambia mume.

Akaipakata, akachukua mkasi. Vidole havikupita kwenye matundu ya mpini. Akajaribu tena, jasho likamtoka. Adhana ikaanza, na mume kasimama mlangoni kichwa wazi.

Mwishowe akamnyooshea Mishi mkasi.

"Nifumulie ua moja."

"Lipi, dada?"

"Lile zuri kuliko yote."

Mishi akaizungusha kofia taratibu, mara ya kwanza, mara ya pili, mkasi ukiwa wazi.