Mkono Aliouachia

Daktari alimpaka Rukaya jeli baridi kwenye kifundo cha mkono wa kulia, akamgeuzia skrini.

"Huu mstari ndio mshipa wa fahamu, mama. Umebanwa. Nitaiangalia sindano humu mpaka ifike kando yake, ndipo nitie dawa. Ganzi itapungua siku hadi siku."

"Ungekuja mapema," alisema wifi yake, Mwanahija, kutoka kitini. "Kushona kofia na vidole vimekufa! Kila kofia ina tone la damu, na mwenyewe hujui umejichoma."

"Kaka yako alizivaa."

"Alizivaa. Tone akaligeuzia kisogoni, akisema ndiyo chapa ya fundi."

Wakacheka kidogo, kisha Rukaya akautazama mkono wake. Mwezi uliopita mumewe alikata roho akiwa ameushika mkono huohuo. Rukaya aliendelea kumsimulia habari za majirani, mpaka Mwanahija alipoinama akamwambia taratibu, "Wifi, amekuachia mkono zamani."

Sindano ikaingia. Kwenye skrini ilionekana kama uzi mweupe unaopita kitambaani.

"Kwa hiyo nitahisi tena?" Rukaya aliuliza.

"Inshallah. Hata unywele ukikugusa."

"Hata mtu akinishika?"

"Hata akikushika kidogo tu, mama."

Mwanahija akatazama sakafu.

Daktari alipomaliza alimwomba akunje ngumi. Rukaya hakukunja. Aliulaza mkono pajani, kiganja juu, vidole vimepinda kidogo, vikiacha nafasi ya kuenea mkono wa mtu mwingine.