Majina Elfu Moja

Don Eulalio Cáceres hakuwa na shahada. Hakuwa na Kiingereza, hakuwa na mjomba wa kumbeba huko mji mkuu, Asunción, hakuwa na meno mawili ya mbele, na hadi Jumatatu hiyo hakuwa na majina mia tano themanini na nane.

Hayo majina ndiyo yaliyomkondesha. Kituo cha kusukuma maji kiliendeshwa na programu ya kale. Walioitunga walifunga kampuni wakaondoka na maandishi yao. Vilibaki vipande elfu tatu ambavyo mashine ilivielewa lakini mtu hakuvielewa, kila kimoja na namba yake tu. Kazi ya ofisi ilikuwa kuchunguza kila kipande kinafanya nini, kisha kukipa jina. Majina yalitunzwa na Téra, chombo kisicho na picha wala vitufe: unaandika amri kwenye kioo cheusi, kinatii. Hakiulizi mara mbili.

Makao makuu yalikuwa yametangaza nafasi moja ya kudumu. Asiye na shahada angeipata tu kama Téra ingeonyesha kwamba ametoa majina elfu moja kabla ya mwisho wa mwezi. Don Eulalio, baada ya miaka miwili ya kuchimbua, alikuwa na mia nne kumi na mawili. Mirna Ovelar, msichana wa miaka ishirini na sita mwenye shahada yake ukutani, alikuwa na mia sita na matatu.

Na yalikuwa mazuri. Hilo ndilo lililomchoma. Kila siku saa nne asubuhi, pembe ya tereré, chai baridi ya majani, ikizunguka mkono kwa mkono, mkuu wa ofisi aliyasoma kwa sauti.

“‘Mlinzi wa lango la tatu’! Sikieni hilo. Don Eulalio, wewe ulikuwa umekiitaje?”

“‘Kipande cha lango.’”

“Kipande cha mkate wa chipa!” Ofisi nzima ikaangua kicheko.

Mirna hakucheka. Alijaza pembe maji ya barafu, akampa yeye kwanza. “Kunywa, mzee wangu. Usingenipeleka kuliona lango lenyewe, ningejulia wapi?”

Alikunywa. Yalimshuka kama shubiri.

Tangu Machi alikuwa na daftari. Kila Mirna alipotoa jina, yeye aliandika namba ya kipande. Mtoto wa juzi apatie hivi, mara mia sita? Haiwezekani. Ameiba mahali fulani. Alijirudia maneno hayo mpaka akayaamini.

Jumatatu asubuhi alizinakili namba zote, akaandika barua kwa mwandiko wake mzuri, maana makao makuu hayakupokea malalamiko ila kwenye karatasi yenye muhuri.

“Waheshimiwa, namba hizi ni za majina yaliyoibwa kwenye nyaraka za siri za watunzi wa programu. Msiniamini mimi. Iulizeni Téra ni nani aliyeyatoa. Atakayetajwa ndiye mwizi. Afukuzwe bila kusikilizwa.”

Hakumtaja Mirna. Kwa hilo alijiona muungwana.

Aliikunja barua, akaipeleka kwa Ña Nimia, katibu mwenye gundi na muhuri.

“Ya makao makuu, Ña Nimia. Mambo ya majina. Iende leo.”

Akatoka kwenda kwenye pampu, akipiga mluzi.

Mirna alikuwa amemsikia. Alifika mbio mezani kwa Ña Nimia, macho yakimng'aa.

“Ameomba nafasi? Hatimaye ameomba?”

“Mimi sisomi barua za watu. Na wewe mbona umechangamka hivyo, kama bibi harusi?”

“Usimwambie, tafadhali. Unakijua kiburi chake, atakataa.” Mirna aliteremsha sauti. “Mimi nina shahada, nitapata kazi popote. Yeye akitolewa hapa, ataenda wapi?”

“Umefanya nini, mwanangu?”

“Ijumaa, wote mlipokwenda kula, nilifuta jina langu kwenye kazi yangu yote, nikaweka lake. Amri moja tu. Sasa Téra inamhesabia majina elfu moja na kumi na tano.”

Ña Nimia alijifuta jicho kwa kiganja. Akapaka gundi, akauminya ukingo wa bahasha kwa kidole gumba mpaka ukashika, akagonga muhuri. Nje, gari la posta lilikuwa limeshawasha injini. Mirna aliinyakua bahasha, akalikimbilia, akamkabidhi dereva mkononi.