Mstari Kwenye Chaki

Fundi Hatibu aliipaka bloku ya injini mafuta ya taa, akaifuta ikakauka, kisha akaipaka unga wa chaki mpaka ikawa nyeupe yote. Sengondo, mwenye gari, alisimama kando, kofia mkononi.

"Tungoje," fundi alisema. "Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka yenyewe."

Mstari mwembamba wa unyevu ukajitokeza kwenye chaki.

"Ulitia maji baridi injini ikiwa ya moto, mzee wangu. Si nilikwambia ikichemka uizime, ukae kivulini mpaka ipoe?"

"Uliniambia. Lakini nilikuwa nampeleka binti yangu hospitali. Uchungu ulimshika tangu jana yake, hata kupiga kelele alikuwa hawezi tena. Ningekaaje kivulini?"

Fundi akapunguza sauti. "Mlifika?"

"Tulifika. Mjukuu wangu yuko salama."

Fundi akangoja asikie na habari ya mama yake. Sengondo akaikunja kofia yake, macho chini. Basi fundi akachukua kitambaa ili aifute ile chaki, lakini Sengondo akamshika mkono.

"Usifute kwanza."

Wakasimama wakiutazama ule mstari, ambao ulikuwa bado unateremka.