Majivu Ngamani

Maji yalikuwa yamerudi tena ngamani, chini kabisa ya mashua. Mara tano tangu alfajiri Mize alikuwa ameyateka na kuyamwaga baharini. Siku ya tatu hii hawaoni nchi kavu. Ubao ukiachia huku, ndiyo basi tena. Akakausha mbao, akanyunyiza majivu ya jikoni, akasubiri aone maji yanapoingilia. Mchirizi ukayakata majivu. Akachovya kidole, akaonja.

“Ya chumvi?” mumewe, Makame, aliuliza kutoka usukani.

“Matamu!”

“Alhamdulillahi! Kumbe si bahari! Niletee kikombe cha maji, mke wangu, koo limenikauka.”

Mize aliufuata mchirizi hadi chini ya pipa la maji ya kunywa. Akaligonga. Likalia kama ngoma.

Huko juu Makame alikuwa bado anacheka, mkono ameunyoosha kupokea kikombe.