Alama ya Mwisho kwenye Menyu

Mwasiti aliacha kushona. Tangu lini Hamdani, mumewe, akajitolea kumsafishia kompyuta yake yenye mfumo wa Linux?

“Hizi alama kwenye menyu zimekufa, mke wangu,” alisema Hamdani, akizifuta moja moja. “Programu zenyewe nilishaziondoa. Yamebaki majina tu.”

“Hata maiti hufunuliwa uso kabla ya kuzikwa. Hebu ibonyeze hiyo ya mwisho.”

“Ya nini? Haifunguki.”

“Kama haifunguki, waogopa nini?”

Hamdani alicheka peke yake. Mwasiti akanyoosha mkono, akaibonyeza mwenyewe. Taa ndogo ya kamera ikawaka kijani, na kwenye kioo cha kompyuta akakiona chumba chake chote: cherehani, kitanda, na yeye mwenyewe ameduwaa.

Hamdani alikwisha kusogea pembeni, pale pale ambapo kamera haifiki.