Sanamu Iliyosuguliwa

Kibwana alilikunja goti la sanamu, akalinyoosha. Dukani kwake aliuza michezo ya video na sanamu za mashujaa wa michezo hiyo, na watu walimwamini kutambua iliyo halisi na iliyo bandia.

"Hii ni halisi," alisema. "Viungo bado vinashika. Lakini uso huu, mama! Nani kausugua?"

"Mimi," alijibu Bi Mwanamkasi. "Kwa waya wa masufuria. Kitu cha kutoa hutolewa kikiwa safi."

"Umemnyoa shujaa wa watu mpaka nyusi!"

Bi Mwanamkasi hakucheka. Arobaini ya mwanawe Haidari ilikuwa imekwisha. Nguo, mashuka, hata foronya, alivifua vyote kwa maji ya moto kabla ya kuwagawia ndugu. Hakuna kilichobaki na harufu yake. Sanamu yake hakuna ndugu aliyeitaka, ndipo akaileta hapa.

Kibwana aliigeuza penye mwanga.

"Mgongoni hukufika. Unaona hapa palivyolika? Ni dole gumba. Mwenyewe alizoea kuishika hapa. Nikipiga msasa na rangi, pataonekana papya, nami nitaichukua. Nipige?"

"Piga."

Kibwana akachukua msasa.

"Hebu kwanza," alisema Bi Mwanamkasi. Akaipokea sanamu, akaweka dole gumba lake pale palipolika. Palikuwa na kishimo kidogo, laini, nalo likatulia humo.

"Mama?" Kibwana aliita, msasa mkononi.

Mteja mwingine aliingia, akasalimia, akasubiri. Dole gumba lilikuwa bado pale pale.